Filimbi ya Sungusungu: Habari ya Mfano Uliopita Mpaka

Katika kurasa za jarida kama hili, wakufunzi aghalabu huandika juu ya mbinu zilizofaulu. Mkufunzi hueleza zana aliyoitengeneza kwa vifuu na maboksi, wanachuo wakafurahi, na somo likaeleweka. Masimulizi ya namna hiyo yana faida yake, wala siyadharau. Lakini leo napenda kuwasimulia ninyi, walimu watarajiwa, habari ya mfano mmoja nilioutumia darasani hapa Maswa. Ulipendeza kuliko mifano yote niliyopata kutumia, na wanachuo waliupigia makofi. Hata hivyo, nusura uhatarishe maisha ya mzee mmoja ambaye hakuwamo darasani wala hakupata kuniona.

Somo lilikuwa sayansi, na mada ilikuwa vimeng'enya. Kwa kuwa mada hii mtaigusa mtakapofundisha mmeng'enyo wa chakula katika shule za msingi, nitaeleza kwanza jinsi nilivyoianza, maana mwanzo wake haukuwa na kosa.

Nilianza na kinywa. Kila mwanachuo alipewa kitonge cha ugali uliopoa, akaambiwa atafune kwa dakika kadhaa pasipo kumeza. Baada ya muda wakaanza kutazamana, kwani ule ugali usio na ladha ulikuwa umeanza kuwa mtamu. Kisha tukadondoshea maji ya iodini juu ya ugali ambao haukutafunwa, ukageuka rangi ya buluu iliyoiva hata kukaribia weusi, ishara ya wanga. Ule uliochanganyika na mate na kuachwa kwa muda haukugeuka rangi kwa kiasi kile. Wanga ulikuwa umepungua na sukari imezaliwa. Tendo hilo lilifanywa na kimeng'enya kilichomo katika mate. Kimeng'enya ni kitu cha asili ya protini ambacho huharakisha badiliko la kikemia pasipo chenyewe kwisha.

Nikaongeza mfano wa nyumbani. Hapa Usukumani kila mtu anajua matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Kila mama anajua pia kwamba kiazi kilichopikwa kwa moto wa polepole huwa kitamu kuliko kibichi. Sababu ni ile ile. Ndani ya kiazi mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari wakati joto linapopanda, kabla joto kali halijakiharibu. Darasa likaelewa, nami nikafurahi.

Ndipo mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, kijana mtaratibu asiyependa kusema sana, akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, je, vimeng'enya vyote kazi yake ni kumeng'enya?"

Ndugu msomaji, litazame swali hilo vizuri. Neno letu lenyewe, kimeng'enya, limetokana na kitendo cha kumeng'enya chakula. Ni neno zuri, lakini lina mfano ndani yake, na mfano huo humpeleka mwanafunzi tumboni. Huyu kijana alikuwa ameligonga neno akasikia uwazi ndani yake. Nilimjibu kwamba viko vimeng'enya visivyomeng'enya kitu chochote, nikaahidi kuvieleza katika kipindi kijacho. Mimi nina stashahada ya ualimu, si bingwa wa kemia ya viumbe. Kwa hiyo usiku ule na usiku uliofuata nilikaa na vitabu.

Nilichokisoma ndicho nilichokileta darasani. Lipo kundi la vimeng'enya liitwalo protini kinasi. Kazi ya kinasi si kuvunja, bali ni kubandika. Huchukua kipande kidogo kiitwacho fosfeti kutoka katika kemikali ya nguvu ya mwili, adenosini trifosfati, na kukibandika juu ya protini nyingine. Protini iliyobandikwa hubadilika umbo. Iliyokuwa imelala huamka, au iliyokuwa macho hulala. Katika mwili wa binadamu mna aina zaidi ya 500 za kinasi, na kwa njia hiyo ya kubandika ndiyo seli hupashana habari ndani yake: gawanyika, acha kugawanyika, toa sukari, weka akiba.

Jambo hili liligunduliwa kwa namna inayomfaa mwalimu kuijua. Katika miaka ya 1950, mjini Seattle nchini Marekani, Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa wakichunguza misuli ya sungura. Walikitaka kimeng'enya kinachokata glikojeni, yaani akiba ya sukari iliyowekwa misulini. Walipofuata njia ya watu wa kabla yao na kuchuja maji ya misuli kwa karatasi ya kuchujia, walikipata kimeng'enya kikiwa macho. Walipoiacha karatasi na kutumia mashine ya kuzungusha, walikipata kimelala. Wangeweza kusema tu kwamba mashine haifai. Badala yake waliuliza karatasi ile ilikuwa imefanya nini, wakaona kwamba ilikuwa imeingiza madini kidogo ya kalsiamu, ambayo yamo hata katika chaki tunazozishika kila siku. Kalsiamu hiyo ilikuwa imekiamsha kimeng'enya kingine, nacho ndicho kilichobandika fosfeti juu ya kile cha kwanza. Mwaka 1992 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kabla yao, mwaka 1971, Earl Sutherland alikuwa amepewa tuzo hiyo hiyo kwa kueleza jinsi homoni inavyobisha hodi nje ya seli, na mjumbe wa pili akaipokea habari ndani.

Haya yote niliyasema, na darasa likanitazama kama ng'ombe wanavyoutazama mvua. Fosfeti haionekani. Seli haionekani bila hadubini. Nikajua kwamba nahitaji mfano, na mfano ukanijia papo hapo nikiwa nimesimama mbele ya ubao.

Nikawaambia: "Ninyi nyote mnaijua habari ya Sungusungu." Naam, waliijua. Ulinzi huo wa jadi ulienea Usukumani na Unyamwezini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipokuwa umezidi. Wazee wao walikuwamo. Mwizi akionekana, aliyemwona hupiga yowe, tuitalo mwano, au hupuliza filimbi. Jirani akisikia naye hupuliza, na jirani wa jirani vivyo hivyo, na kwa muda mfupi kijiji kizima kiko njiani. Mtu mmoja ameona, watu mia wameamka.

"Basi," nikasema, "mtoto anayechunga ng'ombe akimwona swila, adrenalini humwagika katika damu yake na kubisha hodi kwenye seli za ini na za misuli. Ndani ya seli mjumbe wa pili huamsha kinasi ya kwanza. Hiyo hupuliza filimbi na kuiamsha kinasi ya pili. Nayo hukiamsha kimeng'enya kinachokata glikojeni. Kila mmoja huamsha wengi. Sukari hutoka kwa wingi, na mtoto hupata nguvu ya kukimbia. Kinasi ndiye mlinzi mwenye filimbi."

Darasa likachangamka. Wakauliza maswali, wakacheka, wakachora. Mimi nikanogewa. Nikaona niendelee hadi kwenye ugonjwa, ili waone kwamba elimu hii ina manufaa.

Nikawaeleza juu ya aina moja ya saratani ya damu, iitwayo lukemia sugu ya mailoidi. Katika ugonjwa huu, ndani ya seli moja ya uboho, kipande cha kromosomu namba 9 na kipande cha namba 22 hubadilishana mahali. Peter Nowell na David Hungerford waliiona kromosomu hiyo iliyofupika mjini Philadelphia mwaka 1960, na Janet Rowley wa Chicago akaeleza mwaka 1973 kwamba ni kubadilishana kwa vipande. Pale vipande vinapoungana huzaliwa kinasi isiyo ya kawaida, isiyojua kunyamaza. "Huyu," nikasema, "ni mlinzi anayepuliza filimbi usiku na mchana pasipo mwizi. Seli husikia amri ya kugawanyika, zikagawanyika bila kikomo. Chembe nyeupe hujaa katika damu, bandama huvimba, na mgonjwa hukonda."

Mwishowe nikafika kwenye dawa. Imatinibu ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1998, kwa juhudi za watu kama Brian Druker na Nicholas Lydon. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2001, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Kabla ya dawa hiyo wengi wa wagonjwa hawakuishi miaka mingi. Baada yake wengi huishi na kufanya kazi zao. Nikataka kulieleza jambo hilo kwa sentensi moja ambayo haitasahaulika. Nikasema: "Dawa hii humnyang'anya mlinzi yule filimbi yake."

Wakapiga makofi. Yule kijana mtaratibu alikuwa akiandika kwa haraka katika daftari lake. Ulikuwa mwezi wa Machi.

Mwezi wa Juni alikuja kwangu jioni, nikiwa nasahihisha madaftari. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi. "Mwalimu," akasema, "baba yangu ana ugonjwa ule uliotufundisha. Ana mwaka wa tatu sasa. Alikuwa akinywa dawa ile ile."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu kwamba nyumbani kwao ugonjwa ule haukutajwa mbele za watu. Bandama ilipovimba mara ya kwanza, wengine walidhani ni malaria ya siku nyingi, wengine kichocho, maana magonjwa hayo yote mawili huvimbisha bandama na watu wa kwetu wanayajua. Hospitali ilipotaja saratani ya damu, wapo waliosema amerogwa, na wapo walioogopa kula naye, ingawa ugonjwa huu hauambukizi wala mzazi hamrithishi mtoto. Kijana alikuwa amekuja chuoni na mzigo huo, nami bila kujua nikawa nimemfungulia. Likizo fupi ya mwezi wa Aprili alikwenda nyumbani na daftari lake, akamsomea baba yake somo zima, la Sungusungu na la filimbi.

"Baba alifurahi sana," akasema. "Alisema kwa mara ya kwanza ameelewa anachoumwa. Kisha akaacha dawa."

Jumamosi ile tulikwenda pamoja. Nilimkuta mzee ameketi chini ya mti, shuka begani ijapokuwa jua lilikuwa kali, na marobota madogo ya pamba yakingoja kupelekwa kuuzwa. Upande wa kushoto wa tumbo lake ulikuwa umejaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Wewe ndiwe wa filimbi?"

Nikasema ndiye mimi. Nikamwuliza kwa adabu kwa nini ameacha dawa. Alinijibu kwa utaratibu, kama mtu ambaye jambo lake amelifikiri.

"Mwalimu, mimi nimekuwa Sungusungu. Mtu akipuliza filimbi ovyo, tunamnyang'anya. Tukishamnyang'anya, tunakwenda kulala. Hatumwendei kila asubuhi kumnyang'anya filimbi ambayo hana. Miaka miwili nimekunywa vidonge kila siku. Macho yananivimba, miguu inanikaza usiku. Kila safari ya hospitali ni nauli, na nauli ni mbuzi. Mtoto aliponisomea maneno yako nikasema, kumbe filimbi ilikwisha kuchukuliwa zamani. Ndiyo maana bandama ilinywea. Sasa nanyang'anya nini tena?"

Sikuwa na jibu la haraka. Hoja yake haikuwa na ufa. Mzee hakuwa mjinga, wala hakuusikiliza mfano vibaya. Aliusikiliza vizuri kuliko mimi niliyeutoa, akautembeza hatua moja mbele ya pale nilipouachia. Kosa lilikuwa katika neno moja, kunyang'anya. Kitu kilichonyang'anywa hakirudi kwa mwenyewe. Lakini imatinibu hainyang'anyi kitu. Kinasi ile mbovu inabaki, na seli za uboho zenye kasoro huendelea kuitengeneza. Dawa huingia tu katika kishimo kidogo ambamo adenosini trifosfati hukaa, ikaziba nafasi. Kinasi ikikosa adenosini trifosfati haina fosfeti ya kubandika, ikanyamaza. Mwili nao, kwa kazi ya ini, huiondoa dawa. Kwa muda wa saa 18 hivi nusu ya dawa iliyo katika damu huwa imeondoka, na baada ya saa nyingine kama hizo hubaki robo tu. Kishimo kikiwa wazi, kelele huanza upya.

Nikaona filimbi ya zamani ikining'inia kwenye msumari ukutani. Nikaomba ruhusa, nikaitwaa. Nikamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka minane hivi, nikamwambia apulize. Ikalia, na kuku wakatawanyika. Kisha nikachomoa pamba kidogo katika robota, nikaizungusha vidoleni, nikaiziba ile njia ya pumzi.

"Puliza."

Mtoto akapuliza mpaka mashavu yakatuna. Filimbi haikulia.

"Baba," nikasema, "filimbi hii nimeinyang'anya?"

"Hapana. Anayo mtoto."

"Hiyo pamba ndiyo kidonge cha leo. Sasa mama mwenye nyumba anapita na ufagio, maana mwili haupendi kitu kigeni kikae ndani yake." Nikaichomoa pamba. "Puliza, mwanangu."

Filimbi ikalia. Mzee akaitazama pamba mkononi mwangu kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanachuo aliyepata kuniuliza: "Na pamba ikishindiliwa sana isitoke?"

Safari hii nilikuwa nimekwisha jifunza. Nikamjibu: "Hapo, baba, mfano wangu unakoma. Pamba huweza kushindiliwa, lakini dawa hii haigandi pale. Wala kumeza vidonge vingi kwa siku moja si badala ya kumeza kila siku, ni hatari. Kipimo chake ni cha daktari, nacho humezwa pamoja na chakula na maji mengi. Wapo wagonjwa ambao madaktari huwaachisha dawa baada ya miaka, lakini kwa vipimo na uangalizi wa karibu, si kwa maneno ya mwalimu."

Nikamwambia pia jambo ambalo sikupenda kulisema, ila nililazimika. Dawa ikiachwa hovyo ugonjwa huweza kurudi, na wakati mwingine kinasi yenyewe hubadilika umbo, dawa isipate tena pa kukaa. Sikumwahidi kwamba mambo yatakuwa kama zamani. Nikamwomba radhi.

Mzee hakunijibu mimi. Alimwita mkewe, akamketisha, akachukua filimbi na pamba, akamweleza jambo lote kwa Kisukuma tangu mwanzo. Aliziba, akazibua, akamwonyesha ufagio. Alipofika kwenye pamba ya kushindilia akasema kwamba hapo mfano wa mwalimu unakoma. Mama aliuliza maswali mawili, naye akayajibu sawasawa. Nilipomsikiliza ndipo nilipojua kwamba ameelewa. Siku ya kwanza, daftari la mwanawe lilikuwa limeelewa, makofi ya darasa yalikuwa yameelewa, lakini mimi sikuwa nimemsikiliza mtu hata mmoja akirudia.

"Mbuzi yuko," akasema mwishoni. "Jumatatu tutakwenda."

Walikwenda. Chembe nyeupe zilikuwa zimepanda sana. Daktari aliirudisha dawa na kumweka chini ya vipimo vya karibu. Alipoeleza juu ya macho na miguu, alipata msaada ambao hakuwahi kuuomba, kwa kuwa hakuwahi kuyataja. Ilipofika mwezi wa Desemba hesabu ya damu ilikuwa imeshuka kufikia kiwango cha kawaida, na bandama ilikuwa haishikiki tena kwa mkono. Bado anameza dawa. Hatujui yajayo, lakini msimu uliofuata alilima pamba yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye kazi yetu ya ualimu. Muhula ulipoanza niliomba ruhusa kwa yule kijana, akakubali, nikalieleza darasa lile lile jinsi nilivyokosea. Nilifuta ubaoni neno "humnyang'anya" na kuandika "huziba kwa siku moja". Kisha tukafanya kazi ambayo tangu hapo naifanya kila mwaka, nami naiweka hapa mkitaka kuitumia.

Kwanza, kila mfano uandikiwe mpaka wake. Chini ya mfano, katika andalio lako la somo, andika sentensi moja: "Mfano huu unakoma hapa." Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, basi jambo lenyewe hujalielewa, na mfano unakuficha wewe kabla ya kumficha mwanafunzi.

Pili, uangalie kitendo kilichomo katika mfano kuliko jina lililomo. Mlinzi na filimbi havikuleta madhara. Madhara yaliletwa na kitenzi. Mwanafunzi hutenda kwa kufuata kitenzi. Ukisema dawa imemaliza, ataacha. Ukisema inazuia, atauliza kwa muda gani.

Tatu, mwombe mwanafunzi autembeze mfano mbele yako. Mwulize: "Kama ndivyo, itakuwaje kesho?" Yule mzee aliutembeza peke yake, nyumbani, mahali ambapo mwalimu hakuwapo kumrudisha njiani. Ni heri mfano uanguke darasani.

Nne, usihesabu makofi. Mwambie mwanafunzi amweleze mwenziwe ambaye hakuwapo, nawe ukae kando usikilize.

Tano, kumbuka kwamba darasa halina kuta. Lile unalolisema saa nne asubuhi hufika jikoni na zizini kabla ya jua kutua, na huenda likamkuta mtu ambaye kwake si somo bali ni uhai.

Msidhani kwamba mashauri haya ni ya mambo magumu kama kinasi tu. Wanachuo wangu walipoanza kutafuta mipaka ya mifano, waliiona kila mahali katika mada za shule ya msingi. Mmoja alikumbuka kwamba sote husema "wadudu wa malaria", na mtoto wa darasa la 3 akaamini kwamba vijidudu vyenye miguu vinatambaa ndani ya damu, na kwamba dawa ya kupuliza kunguni huweza kuviua. Mwingine alisema kwamba tumezoea kufundisha umeme kuwa kama maji ndani ya bomba, na mtoto mmoja akamwuliza kwa nini umeme haumwagiki sakafuni waya unapokatwa. Hatukuitupa mifano hiyo. Mwalimu asiye na mfano ni kama mkulima asiye na jembe. Tuliiandikia mpaka tu, na tukaendelea kulima.

Yule kijana alikwenda mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata, nami nilikwenda kumkagua. Alikuwa akifundisha darasa la 5 juu ya mmeng'enyo wa chakula, na watoto walikuwa wakitafuna ugali uliopoa. Aliandika ubaoni neno "kimeng'enya", akaeleza maana yake. Kisha akageuka na kuwaambia kwamba jina hili lisiwadanganye. Viko vimeng'enya vingi mwilini visivyomeng'enya kitu, nao watavikuta mbele ya safari. Katika andalio lake, chini ya mfano wake wa siku ile, ilikuwapo sentensi moja iliyoanza kwa maneno "Mfano huu unakoma hapa". Nilitia sahihi.